Mtu Ambaye Mlango Ulikataa Kumwona

Nianze na mlango wa benki, maana ndio uliowahi kunitoa machozi barabarani, mtu mzima mimi, na mkoba wangu begani. Ni ule mlango wa kioo unaojifungua wenyewe mtu akisogea. Mlango ule hauna ubaguzi. Unamfungukia tajiri, unamfungukia mwizi, unafungukia hata mfuko wa plastiki ukipeperushwa na upepo. Lakini mdogo wangu anasimama mbele yake na mlango umetulia tuli. Anasogea, anarudi nyuma, anasogea tena. Wapi! Kisha anakuja paka wa kijivu, yule anayeshinda chini ya mashine ya kutolea pesa, na mlango unafunguka wote. Paka anaingia kwa madaha, mdogo wangu anapenya nyuma yake akisema, "Samahani, samahani." Anamwomba radhi paka, jamani!

Nimeyaona kwa macho yangu haya, sikusimuliwa.

Ndiyo maana mtaani wanamwita Samahani. Jina lake la kuzaliwa hata majirani wamelisahau. Yeye ni kitinda mimba wa kwetu na mimi ni kifungua mimba, na nadhani sauti yote ya familia nilipewa mimi, ikaisha. Kazi yangu ni kuita wagonjwa zahanati. Nikiita jina, anaitika hata aliyesinzia. Siku moja aliitika mtu aliyekuwa anapita zake njiani na baiskeli, akateremka, akaingia, akapimwa. Lakini siku mdogo wangu alipokuja na homa niliita jina lake mpaka koo likakauka. Alikuwa ameketi benchi la mbele, anaitika ndani ya kola ya shati. Tulipomwingiza hatimaye, nesi alimpima joto, akasoma kipimo, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akatoka mlangoni na kuniuliza, "Dada, mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

Si kwamba ni mfupi. Ukimnyoosha ni mrefu kuliko marehemu baba. Ila urefu wake anautumia kwa uchoyo. Mabega ameyaleta mbele mpaka yanakaribia kusalimiana, kidevu kimelala kifuani, mikono ameikunja tumboni kama amebeba bakuli la mchuzi na anaogopa lisimwagike. Na midomo yake haitulii. Kutwa anajisemesha. Ukitega sikio utasikia: "Pita pembeni. Usisumbue watu. Wewe ngoja kwanza. Wewe nani?" Mtu akijiambia hivyo tangu anapopiga mswaki mpaka anapovua viatu, mwili nao unasikia. Mwili si kiziwi. Ukiuambia ujifiche, utajificha.

Sasa, kazi yake. Alikuwa mpambaji wa dirisha katika duka la nguo, lile la pembeni kwenye mtaa wa maduka, lenye kioo kikubwa kutoka sakafuni hadi darini. Ndani ya kioo zimesimama sanamu za kuvalisha nguo, na yeye ndiye anayezivalisha, anazipiga pini, anazigeuza huku na huku. Mwenye duka alikuwa bibi mmoja mpole ambaye hawakuwa wakionana sana. Mshahara alimwachia kwenye kopo la pini, naye aliuchukua humo. Wasichana wa kaunta walijua kwamba dirisha linapambwa. Kila mmoja alidhani linapambwa na mwenzake.

Basi bibi akazeeka, akaenda kuishi kwa binti yake, duka akamwachia mpwa wake. Meneja kijana, tai nyembamba, anatembea huku simu iko mbele ya uso kama mtu anayefuata tochi.

Jumatatu moja mdogo wangu alirudi nyumbani, maana anaishi chumba cha nyuma hapa kwangu, akaketi jikoni na hakugusa chai.

"Dada," akasema, "wametangaza kazi yangu."

"Wametangaza nini?"

"Wamebandika karatasi mlangoni. Anahitajika mpambaji wa dirisha. Usaili Ijumaa asubuhi."

"Ebo! Na wewe je?"

"Meneja anasema nafasi ile iko wazi miaka yote. Amewashangaa waliomtangulia."

Nikahisi damu inapanda kichwani. "Hukumwambia?"

"Nilimwendea ofisini. Nikasema, samahani bosi."

"Akasemaje?"

"Akatundika koti lake."

"Alitundika wapi?"

Akasogeza kikombe pembeni.

"Wapi, wewe mtoto?"

"Hapa," akasema, akagusa bega lake. "Kisha akaenda kula. Nikasubiri arudi alichukue."

Loh! Nilivaa kiatu kimoja, cha pili nikawa nakitafuta kwa mguu huku nimeshafungua mlango. Nilikuwa nakwenda kumpa meneja yule maneno ambayo mama yake alisahau kumpa. Lakini mdogo wangu akanishika mkono, na yeye si mtu wa kushika watu mikono.

"Dada, usiende. Ukienda wewe, watakuona wewe."

Nikakaa chini. Alikuwa amesema kweli, na ukweli wenyewe ulinichoma.

"Ijumaa nisipoonekana," akaendelea, akiongea na kikombe, "Jumamosi atakuja mtu mwingine awavue nguo wale wa dirishani. Mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Na hakuna watu wengine wanaonisubiri asubuhi." Kisha akaongeza, "Samahani."

Roho iliniuma, siwezi kuficha. Nikaapa kwamba mpaka Ijumaa mtoto wa mama yangu ataonekana, hata kama ni kwa kumpaka rangi.

Jumanne nikampeleka kwa yule bwana wanayemwita Mwalimu Kifua. Anafundisha watu kujiamini, ukumbi wake uko juu ya duka la rangi, na kuta zote ni vioo. Bwana huyu anaingia ndani kifua kikiwa kimetangulia, mwenyewe anafuata baadaye. Tulikuta pale watu wanne wanaojiandaa na usaili, na wote wanne, nilikuja kujua, ni usaili huo huo wa duka letu.

"Kidevu juu!" akanguruma. "Hatua pana! Usimpishe mtu! Mtazame mtu machoni mpaka aangalie chini yeye! Sasa mbele ya kioo, kila mmoja aseme: Mimi ni mkubwa!"

"Mimi ni mkubwa!" wakapiga kelele wale wanne.

"Mimi ni mkubwa," akasema mdogo wangu. "Samahani."

Mwalimu Kifua akageuka, akaangaza macho chumba kizima. "Nani kaongea?" Akafungua chupa ya maji, akanywa, akatafuta pa kuiweka, akaiweka juu ya mikono ya mdogo wangu, pale alipoikunja tumboni, akaendelea kufundisha. Na mdogo wangu, Mungu anisamehe, akaishikilia vizuri isianguke.

Nikashindwa kuvumilia. "Wewe baba! Hiyo si rafu, ni mtu!"

Mwalimu akaruka. "Kumbe mmekuja wawili?"

Jumatano tukafanya mazoezi nyumbani, ikawa balaa juu ya balaa. Nikimwambia atoe kifua, anakitoa, lakini midomo chini kwa chini inaendelea: "Usisumbue watu, usisumbue watu." Kifua kikawa kinakwenda sokoni, miguu inarudi nyumbani. Alipita uani hivyo, mpangaji wangu akaniuliza kwa upole kama mdogo wangu amebanwa na mgongo. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikatoka.

Alhamisi akasahau chakula chake. Nikakiweka kwenye mkoba, nikaomba ruhusa zahanati, nikampelekea. Nilipita mlango wa nyuma wa duka, kwenye kile kichochoro cha maboksi, mpaka kwenye pazia linalotenganisha stoo na dirisha. Nikiwa bado sijalishika pazia, nikasikia sauti ya mwanamume. Sauti nzito, ya upole, isiyo na haraka. Nikadhani meneja ameajiri mtu kabla ya usaili. Nikakunja mikono ya gauni, tayari kwa vita.

"Hebu nyanyua kidevu, mama," ilikuwa inasema sauti ile. "Nani kakwambia uangalie chini? Umekuja kwa miguu yako, hukubebwa. Simama uonekane. Eeh, hivyo. Umependeza."

Nikachungulia. Hapakuwa na mtu mwingine. Alikuwa mdogo wangu, amepiga goti mbele ya sanamu lenye koti jekundu, kimto cha kuchomekea pini kimefungwa kwenye kifundo cha mkono, anageuza bega la sanamu kidogo, kidogo tena, kama anayefungua redio atafute stesheni. Kisha akahamia kwa sanamu la kiume ambalo mkono wake mmoja ulivunjika zamani.

"Na wewe, baba. Mkono uliokwenda umekwenda. Huu uliobaki tia mfukoni, watadhani umefanya makusudi. Usijikunje. Aliyekuvunja hayupo hapa."

Nje ya kioo watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Mama mmoja mwenye mizigo alisimama, akamtazama yule wa koti jekundu kwa muda, na palepale, bila kujua, akanyoosha mgongo wake mwenyewe. Mzee mmoja akamsalimia yule wa mkono mmoja, akavua na kofia. Na mimi nimesimama nyuma ya pazia na bakuli la chakula. Miaka yote hiyo alikuwa na maneno mazuri kumbe, anayo tele! Alikuwa anayagawa yote kwa plastiki.

"Na wewe je?" nikasema.

Akashtuka, akanywea palepale, mabega yakarudi mbele. "Mimi nini, dada? Samahani, chakula, nilisahau—"

"Hapo katikati ya mama na huyu baba kuna nafasi. Kuna sanamu jingine linatakiwa lisimame hapo."

"Hatuna jingine."

"Lipo. Liangalie kwenye kioo."

Akatazama kioo, akaniona mimi, akajiona mwenyewe, akaelewa. Akacheka kile kicheko cha aibu. "Huyo? Huyo hafai, dada. Mabega yameharibika. Shingo imeingia ndani. Halafu hana pa kuweka mikono."

"Basi mtengeneze. Umewatengeneza wabovu kuliko huyo."

Nilimwachia chakula nikarudi zahanati, maana benchi lilikuwa limejaa. Lakini nilipogeuka mlangoni nilimwona bado amesimama mbele ya kioo, ameinamisha kichwa upande, anajitazama kwa jicho la kazi.

Ijumaa asubuhi aliondoka nyumbani kabla sijaamka. Nikamwomba mwenzangu anishikie nafasi ya kuita wagonjwa. Sauti yake ni ndogo, najua siku hiyo watu walirudi nyumbani na magonjwa yao, lakini ningefanyaje.

Nilipofika nikakuta kituko mlangoni mwa duka. Wale wanafunzi wanne wa Mwalimu Kifua walikuwa wamefika kwa wakati mmoja. Wote wamefundishwa hatua pana, wote wamefundishwa wasimpishe mtu. Basi wakaingia mlangoni wote wanne kwa pamoja, vifua mbele, na hapo hapo wakakwama. Kiwiko cha huyu kiko ubavuni mwa yule, viatu vinne ndani na vinne nje, na hakuna anayerudi nyuma hata inchi. Wanatazamana machoni kwa ukali, kila mmoja anasubiri mwenzake aangalie chini.

"Mimi ni mkubwa," anasema mmoja kwa shida, maana pumzi haipiti.

"Mimi ni mkubwa," anajibu mwingine, kwapani mwa wa tatu.

Meneja alikuwa ndani anachungulia juu ya vichwa vyao. Alipoona hapati pa kupita, akazunguka kwa mlango wa nyuma na kichochoro, akatokea barabarani, simu mkononi. Hapo ndipo alipoona kundi la watu mbele ya dirisha lake, akasogea naye kutazama.

Mimi nilikuwa nimeshajichomeka mbele. Namtafuta mdogo wangu namkosa. Namwona mama wa koti jekundu, namwona baba wa mkono mmoja, na katikati yao sanamu jipya, refu, limevaa suti ya kijivu. Mabega yamekaa mahali pake. Kidevu hakikupandishwa kama cha wale wa mlangoni, kimetulia tu, kama cha mtu aliyeamka vizuri. Mkono mmoja umelala mgongoni mwa kiti, mwingine umeachiwa huru. Nikasema moyoni, ametengeneza kazi nzuri, lakini mwenyewe yuko wapi? Nilikuwa natafuta mtu aliyejikunja. Ndipo nikaona viatu. Nilivipiga kiwi mimi mwenyewe Jumatano.

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nalitaka hilo la katikati," akasema mama mmoja mnene, mwenye duka la nguo mtaa wa pili. "Si suti tu. Nataka na sanamu lenyewe. Sijaona sanamu limesimama hivyo."

"Ni jipya hilo," akasema meneja bila kupepesa macho. "Limeshushwa leo hii. Subiri, mama, nitakufungia."

Akazunguka tena nyuma, tukamwona anafungua pazia, anaingia dirishani, anamkumbatia mdogo wangu kiunoni na kukaza miguu amnyanyue. Kile kipande cha juu cha dirisha huwa wanakiacha wazi siku za joto, kwa hiyo barabara nzima ilisikia.

"Niweke chini, bosi," likasema sanamu.

Meneja alipiga ukelele ambao hata mimi kazini sijawahi kuupiga. Akarudi nyuma, akamshika baba wa mkono mmoja asianguke, akaanguka naye.

"Polepole na huyo," mdogo wangu akasema, kwa sauti ile ile nzito ya nyuma ya pazia. "Ana mkono mmoja tu. Mimi siuzwi. Mimi ndiye mpambaji wa dirisha hili."

Watu wakapiga makofi. Yule mama mnene akasema basi apewe suti peke yake. Meneja akainuka, akajipangusa vumbi, akatazama dirisha, akatazama watu waliojaa nje, akatazama wale wanne waliokwama mlangoni. Si mjinga, hilo nampa. Akanyoosha mkono.

"Umepata kazi! Hongera sana. Karibu kwetu. Utaanza Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio."

Nikaona mabega ya mdogo wangu yanaanza kusogea mbele. Nikaona midomo inaanza kucheza. Jamani, nilikuwa na sauti ya kuvunja kile kioo, na ningeweza kusema yote kwa niaba yake nikamaliza. Nikauma ulimi. Nikatazama midomo ile, na safari hii niliyasoma maneno moja moja: "Simama, baba. Umekuja kwa miguu yako."

Mabega yakarudi.

"Sianzi, bosi," akasema. "Naendelea."

"Unaendelea tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unakuja hapa kwa shangazi yako umevaa kaptura. Suruali yako ya kwanza ndefu ulipimiwa hapa hapa dirishani. Nilikupigia pini mimi. Ulikuwa unaogopa kuchomwa, ukaniegemea."

Simu ya meneja ililia, hakuitazama. "Nakumbuka," akasema taratibu. "Lakini mimi... mimi nilidhani nimeegemea sanamu."

"Najua," akasema mdogo wangu. "Ulikuwa mtoto. Sasa ondoa ile karatasi mlangoni."

Meneja akaenda akaibandua mwenyewe, kwa upande wa ndani, akipitisha mkono katikati ya mbavu za wale wanne. Nao walikuwa bado wanakazana. Basi hapo nikajiona nina ruhusa ya kufanya kazi yangu. Nikajaza pumzi, nikaita kama ninavyoita benchi la zahanati siku ya Jumatatu: "Mmoja mmoja! Wewe wa shati la bluu, rudi nyuma!" Wakaachana palepale, wakatawanyika, mmoja akaniamkia shikamoo.

Jioni tulirudi nyumbani pamoja, nikataka tupite benki. Paka wa kijivu alikuwa ameketi kando ya mlango, anajilamba. Mdogo wangu alikuwa mbali bado, hajafika hata kwenye ngazi, mlango ukafunguka wote. Akasimama akautazama. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka, na mimi machozi yalikuwa yananitoka tena barabarani, na mkoba begani vile vile.

Paka akainuka. "Pita," mdogo wangu akamwambia, akamwachia njia, kisha akaingia. Hakuomba radhi kwa mtu.

Mimi nilikuwa nashughulika na leso. Nilipoinua uso, mlango ulikuwa umeshajifunga, nami nimebaki nje na sauti yangu yote. Nikasogea, nikarudi nyuma, nikasogea tena. Wapi! Nikamwona ndani anakwenda zake, mrefu kuliko baba, na paka pembeni. Basi nikamwita. Sikumwita Samahani. Nilimwita kwa jina lake la kuzaliwa, lile nililoliita siku ya homa mpaka koo likakauka.

"Naam, dada!" akaitika, na benki nzima ikageuka kumtazama.